Jongoo wa Bamburi na mameneja wa semina

Inapokaribia Juni, pesa za mafunzo zilizobaki ofisini zikitafutiwa pa kwenda kabla mwaka wa bajeti haujafungwa, hoteli za ufuo wa Bamburi huanza kupokea mameneja. Huja na mabasi ya kukodi, wamevaa fulana za rangi moja. Asubuhi hufundishwa uongozi na utatuzi wa matatizo, baina ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, jioni huogelea. Siku ya mwisho hugawiwa vyeti, hupiga picha ya pamoja chini ya minazi, kisha hurudi walikotoka. Jumatatu, mashine iliyokuwa ikiharibika kila wiki huharibika tena.

Sina ugomvi na semina. Kinachonishangaza ni kwamba upande wa pili wa barabara hiyo hiyo ya Malindi, ukivuka tu kutoka kwenye hizo hoteli, kuna mahali ambapo msimamizi mmoja alikabidhiwa tatizo lisilotatulika na kulitatua, tena kwa njia inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mameneja wengi wamewahi kulipa kiingilio pale. Waliingia kulisha twiga.

Mahali penyewe ni Haller Park, Kisauni, kandokando ya kiwanda cha saruji kilichowafanya wenyeji waite kituo chao cha matatu Bamburi Mtambo. Kampuni ilianzishwa na Felix Mandl mwaka 1951, na saruji ya kwanza ikatoka 1954. Saruji hutaka chokaa, na chokaa ya Bamburi imo ndani ya mwamba wa matumbawe yaliyokufa zamani za kale, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mwamba ukachimbwa, ukasagwa, ukachomwa. Mombasa ikajengwa, na sehemu kubwa ya Kenya pamoja nayo. Nyuma yake likabaki shimo jeupe, pana, lisilo na udongo, sakafu yake ikiwa juu kidogo tu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi. Saa saba mchana jua lilipiga juu ya mawe yale na mawe yakalirudisha usoni mwa mtu.

Mwaka 1959 kampuni ilikuwa imemwajiri Mswisi mmoja mtaalamu wa kilimo, René Haller, kazi yake ya mwanzo ikiwa mambo ya bustani na chakula cha wafanyakazi. Mwaka 1971 akapewa shimo. Aliambiwa, kwa ufupi, alifanye liote.

Hapo ndipo kiongozi wa kazi hupimwa, kabla hajafanya lolote. Mtu wa haraka angeagiza malori ya udongo kutoka bara, akapanda maua langoni, akampigia mkurugenzi simu aje kuona. Haller aliingia shimoni akaanza kutembea, akitafuta kama kuna chochote kilichokwisha kuota chenyewe bila kuombwa. Alikuta kidogo mno: kangaga, vichaka na nyasi za kuhesabika, vimejibanza nyuma ya mawe machache yaliyosalia, mahali penye kivuli. Kidogo hicho kilikuwa habari muhimu. Kilimwambia kwamba shimo lenyewe halikuwa limekufa kabisa, na kwamba kivuli kilikuwa sehemu ya jibu.

Kisha akajaribu. Alipanda aina 26 za miti. Baada ya miezi, zilizokuwa hai zilikuwa tatu: mnazi, mdamasi wa asili ya Somalia, na mvinje. Zote nyingine zilikauka.

Tukae hapa kidogo, maana hesabu hii ndiyo ambayo ofisi zetu haziwezi kuivumilia. Kati ya 26, 23 zimekufa. Katika ripoti ya robo mwaka hiyo inaitwa hasara, na msimamizi aliyeiandika huitwa kujieleza. Matokeo yake ni kwamba wasimamizi wetu hawajaribu mambo 26. Hujaribu moja, kubwa, la gharama, lililokwisha kuidhinishwa na wakubwa, na likishindwa hakuna anayethubutu kusema limeshindwa. Aina 23 zilizokauka Bamburi zilipandwa chache chache, zilikuwa za bei nafuu, na zilikauka mbele ya macho ya kila mtu. Ndiyo maana zilifundisha kitu.

Mvinje ndio ulioshinda. Watu wa pwani wanaujua: ule mti mrefu wenye majani kama sindano, unaovuma upepo ukipita, ambao boriti zake hubeba mapaa mengi ya makuti. Huvumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba kuanza maisha. Ulikua upesi. Shimo jeupe likaanza kuwa kijani, na hapo mtu mwingine angepiga picha, akafunga faili.

Lakini sindano za mvinje zilipoanguka hazikuoza. Zina tanini nyingi, kemikali ile ile inayofanya chai iliyokolea ikaushe ulimi, na vijidudu vya kawaida havikuziweza. Zikalala chini tabaka juu ya tabaka, kavu, na bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti wa pili utakaoota chini ya ule wa kwanza. Kufaulu kwa hatua ya kwanza kulikuwa kumezaa tatizo jipya, na tatizo hilo lisingeonekana na mtu anayesoma ripoti mezani, kwa sababu idadi ya miti ilikuwa ikipanda vizuri.

Aliyelitatua alikuwa jongoo. Haller alimwona jongoo mmoja, wa aina ile yenye miguu myekundu, akitafuna sindano za mvinje bila shida. Hapo akatuma watu wakusanye majongoo ya aina hiyo na kuyaachilia shimoni. Majongoo yalikula sindano, kinyesi chake kikawa chakula cha vijidudu vilivyoshindwa na sindano zenyewe, na polepole pakatokea udongo mweusi mahali palipokuwa na jiwe tupu. Miti mingine ikapandwa, hata ya asili ya mwambao huu. Yakaja mabwawa ya samaki, mamba, ndege, kisha wanyama wakubwa. Mwaka 1984 mahali pale pakafunguliwa kwa wageni, na mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamweka Haller katika orodha yake ya heshima ya Global 500. Dunia nzima ilikuja kupasikia baada ya tsunami ya Desemba 2004, pale kiboko mtoto Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi, alipomganda kobe mzee aliyeitwa Mzee na kumfanya mlezi.

Ni hadithi nzuri, na hadithi nzuri za kampuni zinapaswa kusomwa huku umekunja uso kidogo. Shimo lilichimbwa na kampuni yenyewe, na faida ya shimo iliingia kwa kampuni yenyewe. Kulirudishia uhai ni deni, si sadaka. Pia, jina lililobaki langoni ni la meneja, hali majongoo yaliinuliwa kutoka kwenye majani kwa mikono ya watu ambao hakuna anayewataja. Katika kila sehemu ya kazi, ukitafuta nani hasa aliyeona kitu cha kwanza, mara nyingi utakuta ni kibarua. Kipaji cha Haller, kwa jinsi ninavyokiona, kilikuwa ni kutembea mahali vibarua wanapotembea, na kuinama.

Nasema kipaji, lakini kinafundishika, na waliokifundisha kwa ukali zaidi ni watu wa magari. Miritini, upande ule wa Changamwe, kuna kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanza miaka ya 1970, na miongoni mwa magari yanayotoka pale ni Toyota. Katika viwanda vya Toyota huko Japani, Taiichi Ohno alikuwa na desturi ya kuchora duara kwa chaki sakafuni, kumsimamisha ndani yake msimamizi kijana, na kumwacha. Baada ya saa kadhaa angerudi na kumuuliza ameona nini. Akiona jibu ni jepesi, anamwacha asimame zaidi. Hakuna kitini, hakuna chai ya saa nne.

Ohno ndiye pia aliyeeneza zoea la kuuliza kwa nini mara tano. Mfano wake mwenyewe ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa na mzigo. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikupata mafuta. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini imelika? Haina chujio, vumbi la chuma huingia. Anayebadilisha fyuzi atabadilisha tena wiki ijayo. Anayeweka chujio amemaliza.

Tuilete njia hiyo kwenye yadi ya makontena ya Changamwe. Tuseme foklifti imepata pancha, na si mara ya kwanza mwezi huu. Fomani wa kawaida humwita wa kuziba pancha, akalipa, akaendelea. Fomani aliyesimama dakika chache zaidi angeuliza pancha inatoka wapi, akaonyeshwa misumari. Misumari inatoka wapi? Paleti zinavunjika. Mbona zinavunjika? Zinatupwa kutoka juu ya lori badala ya kuteremshwa. Mbona zinatupwa? Vibarua hulipwa kwa lori, si kwa saa, na lori la pili linapiga honi. Tatizo lililoanza kwenye tairi limeishia kwenye namna ya kulipa watu, na fomani hana mamlaka ya kugusa malipo. Hapa ndipo wengi huachia njiani: jibu la kweli liko dirisha la juu kuliko lao, na kulipeleka huko kunahitaji ujasiri ambao hakuna semina inayoupima.

Kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vya Kijapani na vya Kimarekani havikigusi. Mwambao huu, kijana wa miaka 28 mwenye shahada akiajiriwa kuwa msimamizi, fundi mkuu aliyemkuta huenda ni rika la baba yake. Asubuhi humwamkia shikamoo, na ni haki yake. Sasa mtu uliyemwamkia shikamoo saa moja, utamsimamia mbele ya watu saa mbili na kumpiga kwa nini, kwa nini, kwa nini mara tano? Huo hautasikika kama utatuzi wa matatizo; utasikika kama kituo cha polisi. Mzee atajibu kwa adabu, kifupi, na ukweli atabaki nao.

Nimewaona wasimamizi vijana wanaoliweza hili. Huenda kwa mzee wakati wa chai, hukaa chini, na huanza kwa habari za nyumbani. Kisha: “Mzee, hebu nisaidie. Hii pampu zamani ilikuwa ikifanya hivi?” Mzee hucheka, huvuta kikombe chake, na hapo hutoka historia ya mashine yote, mwaka iliponunuliwa, nani aliifungua vibaya, na kifaa gani kiliwekwa kwa muda hadi leo. “Mwanangu, hiyo siyo ya kwake. Ya kwake ilipotea, tukatia hii.” Kwa nini tano zimejibiwa zote bila hata moja kuulizwa. Kijana huyo amejifunza jambo kuhusu pampu, na amemwachia mzee heshima yake, kwa hiyo kesho ataambiwa tena.

Maana mfanyakazi asiyesema ndiye tatizo kubwa kuliko mashine isiyokwenda. Mficha uchi hazai, wasema wenyewe, lakini uchi hufichwa mbele ya mtu anayecheka. Msimamizi anayepokea habari mbaya kwa kutafuta wa kulaumiwa atapata habari nzuri tupu mpaka siku ya msiba.

Likoni, kwenye vivuko vya feri, inajua hilo kuliko popote. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama hatua chache kutoka ukingoni, ikiwa na watu wapatao 400 katika chombo cha kubebea 300. Walikufa watu 272, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini asubuhi. Chombo kinachovuka kimezidi kiwango na kufika salama humfundisha msimamizi wake somo baya. Kikifika leo, na kesho, na mwezi mzima, kufika kwenyewe hugeuka ushahidi kwamba kiwango ni maandishi tu. Hatari haipungui, kinachopungua ni woga wa waliokabidhiwa kuiona.

Septemba 2019 gari liliserereka nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya mkondo, likazama na mama na mtoto wake. Siku 13 watu walisimama ukingoni wakiwangoja wazamiaji. Maneno yaliyosikika sana siku zile yalikuwa ya kutafuta mtu: dereva alifanya nini, baharia alikuwa wapi. Jibu la haraka kila mara huwa ni mtu, kwa sababu mtu anaweza kufukuzwa leo leo, na mlango wa feri, ratiba ya matengenezo na kasi ya kupakia hubaki vilivyokuwa. Kwenye duara la chaki la Ohno, “kosa la binadamu” lingekuwa swali la kwanza. Kwetu ndilo hufunga faili.

Ukitaka kuliona tatizo la Likoni kwa ukubwa wake, simama kwenye mteremko wa upande wa bara kusini saa kumi na mbili alfajiri. Kwa hesabu zinazotolewa, zaidi ya watu 300,000 huvuka kila siku, na magari yapatayo 6,000. Watu wa miguu hawalipi. Wanashuka mteremko kwa mkupuo, wamebeba vikapu, mikoba ya shule, matenga ya samaki. Kengele na kipaza sauti vinawaharakisha. Magari yanangoja zamu yake. Msongamano hauko baharini. Mkondo wenyewe una upana wa nusu kilomita hivi, na feri huukata kwa dakika chache. Muda unaliwa kwenye nchi kavu, kwenye kupanda na kushuka, watu na magari wakitumia mlango mmoja.

Mwaka 2020, korona ilipofanya msongamano huo uwe hatari ya aina nyingine, serikali ilileta daraja la kuelea kati ya Liwatoni na Ras Bofu, la watu wa miguu, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 1.9. Lilijengwa upesi kwa kiasi cha kushangaza, na wahandisi wake wanastahili sifa: sehemu ya katikati ilifunguka kupisha meli zinazoingia Kilindini. Lakini meli za bandari hazingoji abiria, kwa hiyo watu waliruhusiwa kulipita kwa saa maalumu tu. Isitoshe, kwa aliyezoea kuteremkia Likoni na kupanda matatu pale pale ng'ambo, njia ya Liwatoni ilimwongezea mwendo. Wengine walilishukuru. Wengi wakabaki foleni ya feri.

Kwa maoni yangu swali lililoulizwa lilikuwa “tuwavushe wapi wengine?”, nalo lilijibiwa vizuri. Swali la mteremkoni, kwa nini kupanda feri kunachukua muda mrefu kuliko kuvuka, linaweza kujaribiwa kwa gharama ndogo mno kuliko hiyo ya daraja: njia ya miguu iliyotengwa na magari mpaka ndani ya chombo, kwa wiki moja, upande mmoja, feri moja, msimamizi akisimama na saa mkononi. Likishindwa, lishindwe hadharani kama zile aina 23 za miti. Labda limejaribiwa kwenye karatasi. Ninachotaka ni kulijaribu mteremkoni, mbele ya wanaovuka, na mabaharia waulizwe kwanza, kwa kuwa wao hushinda pale.

Bamburi nako mabosi wamebadilika. Desemba 2024 kampuni ya saruji ilichukuliwa na Amsons, kundi la biashara la Tanzania, na wasimamizi wapya wamerithi msitu pamoja na mashimo yanayoendelea kuchimbwa. Watalazimika kuamua kama bustani ni gharama au ni mtaji, na mhasibu atakuja na jibu lake mapema. Haller mwenyewe aliliona hilo: boriti za mvinje ziliuzwa, samaki wakauzwa, wageni wakalipa kiingilio, hivyo msitu ukaanza kujilipia sehemu ya chakula chake na kupata mtetezi kwenye vikao ambavyo jongoo hakaribishwi.

Upande wa kusini, barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha Miritini na Kwale bila kupanda feri, na lori la Diani halina tena sababu ya kushuka mteremko wa Likoni. Mipango ya daraja kubwa la kuvuka mkondo wenyewe nayo imezungumzwa miaka mingi. Yote hayo ni ya magari kwanza. Walio wengi wanaovuka Likoni alfajiri hawana gari.